Je, wajua kwa nini Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya wavulana chini ya miaka 17 (U-17), husumbuka kwenye mashindano makubwa?

Aprili 2019 Tanzania iliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Mechi zilichezwa Dar es Salaam, nasi huku Dodoma tukajazana kwenye vibanda umiza kuwaangalia wadogo zetu. Walifungwa 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola. Mechi tatu bila pointi hata moja, tena nyumbani. Kila kijiwe kikawa na mtu wake wa kumlaumu: kocha, kipa, viongozi.

Ila kumbuka fainali hizohizo kule Gabon, 2017. Serengeti Boys walitoka 0-0 na Mali, ambao ndio walioondoka na kombe. Wakaifunga Angola 2-1, kisha wakalala 1-0 mbele ya Niger. Walimaliza wakiwa na pointi nne sawa na Niger, na tofauti ya mabao ikalingana pia. Matokeo ya wao kwa wao ndiyo yaliyoamua, Niger wakaenda Kombe la Dunia India. Nchi isiyo na vipaji haimalizi dakika 90 na bingwa wa Afrika bila kuruhusu bao.

Tatizo ni kwamba kikosi cha U-17 hakidumu. Baada ya miaka miwili umri umewatoa karibu wote, na unaanza upya. Nchi inayofanya vizuri kila mara ni ile yenye foleni ya watoto waliokwisha kucheza mechi nyingi za ushindani tangu wana miaka 10 au 11. Kambi ya taifa ina wiki chache tu. Kocha anaweza kupanga safu ya ulinzi na kufundisha kona. Miaka minne ya mechi ambazo mtoto hakucheza hawezi kuirudisha.

Mchukue mvulana wa darasa la sita kule Mpwapwa au Chemba. Mashindano yake makubwa ni UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, yanayopanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa, kisha taifa. Ni mashindano mazuri na nayatetea popote, lakini ni ya mtoano na ya msimu mfupi. Shule yake ikitolewa ngazi ya kata, mwaka wake wa ushindani umeisha. Kinachobaki ni chandimu ya jioni. Klabu za Ligi Kuu zina timu za U-20, sawa, ila huko kijana anafika akiwa ameshajifunza, au ameshakosa kujifunza.

Halafu kuna uwanja wenyewe. Simama pembeni ya kiwanja chochote cha mtaani Dodoma mwezi wa Septemba, ardhi imekauka, changarawe juu, upepo unapuliza vumbi. Mtazame kiungo anapopokea pasi. Mpira unadunda hovyo, kwa hiyo macho yake yote yako chini mpaka autulize, na ndipo anainua kichwa kutafuta mwenzake. Mtaani anapata muda huo. Kwenye nyasi nzuri za mashindano ya Afrika, mpinzani amekwisha kuangalia kushoto na kulia kabla pasi haijamfika, na anapofika kukukaba, wewe ndiyo kwanza unainua kichwa. Ukiwaangalia vijana wetu wakipoteza mipira katikati, angalia vichwa vyao.

Suala la vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, nalo limechangia. Mashindano ya vijana yakigeuka ya kutafuta ushindi wa leo, kocha wa mtaani humchagua aliyekomaa mwili, na yule mdogo mwenye akili ya mpira anabaki benchi hadi anaacha. Wakati huohuo FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI, picha ya ndani ya kifundo cha mkono, kubaini waliozidi umri kwenye Kombe la Dunia la U-17 la 2009. Mfupa ukionekana umeshafunga kabisa sehemu yake ya kukulia, mchezaji anaondolewa. Timu iliyojengwa kwa miili hupukutika hapo.

Morocco walichagua njia ndefu. Chuo cha Mohammed VI, kule Salé, kinafundisha watoto soka na masomo pamoja tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2025 walitwaa kombe la Afrika la U-17, na mwaka huohuo wakawa mabingwa wa dunia wa U-20 baada ya kuifunga Argentina 2-0.

Na hapa kwetu mfano upo, wa mabinti. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2022 India, wakiwa wameifunga Ufaransa 2-1. Mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya hapa Dodoma wakabeba kombe la Afrika la shule, Durban. Ni kweli nchi nyingi zimechelewa kuwekeza kwa wasichana, hivyo ushindani wao bado haujawa mkali kama wa wavulana. Lakini wasichana wa Fountain Gate wanasoma pamoja na kucheza pamoja mwaka mzima, na mimi naamini hiyo ina uzito mkubwa kuliko kambi yoyote.

Kwa wavulana, ningeanza na ligi ya wilaya ya chini ya miaka 13: Kongwa, Bahi, Kondoa, Chamwino, mechi kila Jumamosi muhula mzima, na anayefungwa leo anacheza tena wiki ijayo. Inahitaji mipira, filimbi, na nauli ya mwalimu wa michezo.