Kikomo cha kazi zinazoendelea kwenye ubao wa kanbani

Ubao wa kanbani huonesha kila kazi kama kadi inayosogezwa kutoka safu moja hadi nyingine. Ule wa timu ya programu huwa na safu kama Zinazosubiri, Kuandika, Ukaguzi, Majaribio na Zimekwisha. Juu ya safu za katikati huandikwa namba, tuseme 4, 2 na 2. Hicho ndicho kikomo cha kazi zinazoendelea, yaani idadi ya juu ya kadi zinazoruhusiwa kukaa katika safu hiyo kwa wakati mmoja. Safu ikijaa, hakuna kadi inayoingia mpaka nyingine itoke.

Kanbani ilianzia viwandani Toyota, chini ya Taiichi Ohno, kuzuia vipuri visitengenezwe kabla ya kuhitajika. Katika programu ilienea miaka ya 2000, hasa kwa kazi ya David J. Anderson.

Sababu ya kikomo ni ya kihesabu. Kanuni ya Little, ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, inasema wastani wa kazi zilizomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kumaliza mara wastani wa muda ambao kazi moja hukaa humo. Timu yenye kadi 12 mkononi na inayomaliza kadi 3 kwa siku itachukua wastani wa siku 4 kwa kila kadi. Kadi zikipungua hadi 6 na kasi ikabaki ileile, muda unashuka hadi siku 2. Kanuni hii inazungumzia wastani wa mfumo uliotulia, kwa hiyo haitabiri kadi moja moja itatoka lini.

Kuna hasara nyingine ambayo hesabu hiyo haiioneshi. Msimbo unaokaa wiki nzima kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni ya programu, unazidi kuachana na tawi kuu, na migongano inaongezeka siku ya kuunganisha. Maoni ya mkaguzi nayo yanamfikia mwandishi akiwa ameshasahau kwa nini aliandika alivyoandika.

Namba ya kuanzia haihitaji utafiti. Hesabu kadi zilizopo sasa katika kila safu, uiandike namba hiyo, kisha punguza moja kila baada ya wiki moja au mbili hadi watu waanze kukwama. Kukwama huko ndiko kunakotafutwa. Kikomo ambacho hakijawahi kumzuia mtu ni pambo tu.

Tuseme Ukaguzi, yenye kikomo cha 2, imejaa, na mwandishi wa msimbo amemaliza kadi yake. Haruhusiwi kuisukuma mbele, na kwa kuwa bado imeshika nafasi katika Kuandika, huenda asiweze hata kuvuta mpya. Sasa aende kukagua mojawapo ya zile mbili. Kama yeye si mkaguzi wa kadi hizo, amsaidie anayefanya majaribio, au aandike majaribio ya kiotomatiki ya kazi iliyo mbele. Hata akikaa saa moja bila kadi, hasara ni ndogo kuliko ya kufungua kadi nyingine itakayokwenda kusubiri foleni ileile. Meneja anayepima watu kwa jinsi wanavyoonekana kushughulika hatalipenda hili, na vikomo vingi hufia hapo.

Ili hali hii ionekane, gawa safu mara mbili: inafanywa na imekwisha. Kikomo kiwe kimoja kwa sehemu zote mbili. Timu ikiiacha sehemu ya pili bila kikomo, foleni yote itahamia huko na ubao utaonekana mzuri huku kazi imelala. Ujanja huohuo hufanyika kwa safu ya Zilizozuiliwa: kila kadi ngumu inatupwa pembeni na nafasi inafunguka. Kadi iliyozuiliwa ibaki katika safu yake, iwekwe alama, na iendelee kuhesabiwa. Ndipo kuna msukumo wa kuikwamua.

Dharura zitakuwepo. Zitengee njia yake yenye nafasi ya kadi moja tu. Zikiruhusiwa tatu kwa pamoja, hakuna tena ya dharura kati yake. Na usiongeze kikomo kwa sababu safu imejaa leo. Kiongeze pale tu sababu ya kujaa inapojulikana na timu imekubaliana kwamba namba ndiyo iliyokosewa.

Ukubwa wa kadi nao una athari. Kadi moja ya wiki tatu ikiwa pamoja na za siku moja, namba ya kikomo haielezi kitu. Ivunje kabla haijaingia Kuandika.

Kuhusu zana, Jira, programu ya kusimamia kazi za timu, hukuruhusu kuweka namba hiyo kwenye mipangilio ya safu, lakini ikipitwa safu inabadilika rangi tu na kadi inaingia kama kawaida. Kuheshimu kikomo ni makubaliano ya watu. Pia chagua njia ya kuhesabu isiyojumuisha kazi ndogondogo, la sivyo kadi moja yenye vipande sita inaweza kujaza safu nzima peke yake.