Pwani hailiwi na mawimbi peke yake

Dhana potofu: Magenge ya pwani, yaani kingo za mwamba au udongo zilizosimama wima kando ya bahari, hubomolewa na uzito wa maji tu.

Uzito huo upo, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina zaidi ya kilo 1,000, lakini hautoshi kueleza jabali gumu linavyochimbika. Wimbi linapopiga genge lenye nyufa, hewa iliyomo ndani ya ufa hukosa pa kutokea, ikashindiliwa. Wimbi linaporudi, hewa hiyo hutanuka ghafla na kuupanua ufa. Mawimbi yakifika kila baada ya sekunde 10, tendo hilo hurudiwa mara 360 kwa saa. Tena wimbi huja na mchanga na mawe, ambayo husugua sehemu ya chini ya genge hadi likatokea shimo refu la mlalo, na mwamba wa juu ukabaki umening’inia. Mawe hayo nayo husagana yenyewe kwa yenyewe: kokoto laini unayoiokota ufukweni huenda ilianza safari yake ikiwa kipande chenye ncha kali.

Dhana potofu: Kudhoofika kwa mwamba na mmomonyoko ni jambo moja.

Mwamba huanza kudhoofika pale pale ulipo, kabla ya chochote kubebwa. Rasharasha za maji ya bahari huingia katika vitundu vya jiwe, maji yanakauka, fuwele za chumvi zinakua na kubandua chembe moja moja. Maji ya mvua, yenye asidi hafifu, huyeyusha mawe ya chokaa. Mmomonyoko unahusisha kung’olewa na kuchukuliwa kwa mabaki hayo. Naisisitiza tofauti hii kwa sababu ya usalama: genge lililonyonya mvua nyingi linaweza kuporomoka hata siku ambayo bahari imetulia, na anayepumzika chini yake hatapata onyo lolote kutoka kwa mawimbi.

Dhana potofu: Mabadiliko haya ni ya polepole mno, mtu hawezi kuyaona.

Huko Holderness, Uingereza, magenge ya udongo laini hurudi nyuma kwa wastani wa karibu mita 2 kila mwaka. Tao la mwamba la Azure Window nchini Malta, lililochongwa kwa muda mrefu, lilianguka lote tarehe 8 Machi 2017 wakati wa dhoruba.

Dhana potofu: Ukuta wa zege humaliza tatizo.

Ukuta huilinda ardhi iliyo nyuma yake, ila mawimbi yanayogonga na kurudi huchota mchanga uliopo mbele, ufukwe ukashuka, na msingi wa ukuta wenyewe ukaanza kufukuliwa. Isitoshe, genge linalomomonyoka mara nyingi ndilo linalolisha fukwe za jirani, kwani mawimbi yanayofika kwa mshazari husogeza mchanga kandokando ya pwani. Likizibwa, fukwe hizo zinaendelea kupoteza mchanga bila kuletewa mwingine.