Valkyrie sio jina la bomu

Wengi wakisikia Valkyrie wanajua ni lile bomu la kumuua Hitler, hapana. Valkyrie, Wajerumani wanasema Walküre, ilikuwa plani halali ya serikali na Hitler mwenyewe aliipitisha. Ilikuwa ya jeshi la akiba, lile lililobaki nyumbani wenzao wako vitani, kwamba siku kukizuka vurugu ndani ya nchi, mfano wale mamilioni ya vibarua waliosombwa kwa nguvu toka nchi zingine wakiasi, basi askari watoke kambini wadhibiti hali.

Sasa kina Jenerali Olbricht, von Tresckow na Stauffenberg, maofisa wa jeshi waliotaka kumwondoa Hitler, wakaona kumbe mapinduzi yameshaandikwa tayari, kazi ni kubadilisha adui tu. Mwaka 1943 wakaandaa amri zao za siri: Hitler amekufa, kuna vigogo wa chama cha Nazi wanataka kunyakua madaraka, shikeni redio, simu, kamateni hata SS, lile jeshi la chama. Yaani askari anaipindua serikali huku anadhani anaitetea, hapo jamaa walicheza kama Pele.

Ila Hitler lazima afe kweli, sababu toka Agosti 1934 kila mwanajeshi alikula kiapo cha kumtii Hitler kwa jina lake, sio katiba, na maofisa wengi walikuwa hawathubutu kukivunja akiwa hai.

20 Julai 1944 Stauffenberg, ambaye vita vya Tunisia vilimwachia jicho moja na vidole vitatu tu, yuko chumbani kwenye makao ya Hitler Prussia Mashariki, anaminya fyuzi, yaani kiwashio cha bomu, kwa koleo, ana mabomu mawili, mara mtu mlangoni anamharakisha mkutano unaanza, akawahi moja tu. Mkoba akauacha chini ya meza, ofisa mmoja akausogeza nyuma ya mguu mnene wa meza. Saa 6:42 mchana likalipuka, wanne wakafa, Hitler akatoka na suruali imechanika.

Berlin nako wenzake wakapoteza kama masaa matatu kabla ya kutoa amri. Meja Remer akatumwa kumkamata Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, Goebbels akampa simu tu, kusikiliza ni Hitler mwenyewe! Askari wakageuka hapo hapo.

Usiku ule Fromm, bosi wa jeshi la akiba ambaye muda wote alijua kinachopikwa akanyamaza, akaamuru Stauffenberg na wenzake watatu wapigwe risasi uani kwa taa za magari, kufuta ushahidi. Machi 1945 naye akapigwa risasi, kosa waliloandika ni uoga.