Mkono Ukiteguka, Usivutwe

Mtu akianguka hutanguliza kiganja. Abiria akirushwa na bodaboda, hamali akiteleza sokoni Kongowea na gunia begani, mama akikosea daraja kwenye ngazi za nyumba ya Mji wa Kale, uzito wote huishia kwenye kifundo cha mkono. Kisha wanaomzunguka husema, "Umeteguka tu." Huletwa mafuta ya nazi, huitwa mjuzi wa kuchua, na mkono huvutwa mpaka ulie.

Sisi tunaotibu mifupa twaliogopa sana hilo neno "tu". Kifundo kina mifupa midogo 8, imepangwa safu mbili na kufungwa kwa kano, nyuzi ngumu zinazoshika mfupa kwa mfupa. Mmoja una umbo la mashua, jirani yake umbo la mwezi mwandamo. Kano iliyo baina yao ikikatika, huachana. Pigo likizidi, ule wa mwezi huweza kuchomoka na kusukumwa upande wa kiganja, unakopita mshipa wa fahamu wa kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Vidole hivyo vikifa ganzi au vikichomachoma, mshipa unabanwa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane. Anayeuvuta mkono huo nyumbani huweza kuuponda mshipa au kuhamisha mfupa uliovunjika.

Kabla ya kuondoka, vua pete, bangili na saa. Sabuni husaidia, na zikikataa zikatwe, kwani dhahabu hufuliwa upya lakini kidole kilichokosa damu hakirudi. Usiunyooshe mkono. Uegemeze jinsi ulivyo juu ya boksi gumu au gazeti lililokunjwa, kuanzia vidoleni hadi karibu na kisugudi, ufunge bila kukaza, kisha uuning'inize shingoni kwa leso, kiganja kikiwa juu kidogo. Bonyeza ukucha: wekundu usiporudi baada ya sekunde 2 hivi, legeza kitambaa. Barafu iviringishwe kwenye nguo, dakika 15 hadi 20. Maji ya moto na kuchua, hapana. Mkono ukiwa umepinda, usile wala usinywe, huenda ukahitaji dawa ya usingizi.

Ukifika, onyesha kwa kidole panapouma. Kwetu pwani wengine kiwiko ni hapa penye saa, wengine ni pale mkono unapokunjwa, na picha ya eksirei isiyo mahali pake haina faida.

Na hospitalini pia majeraha haya hupotea. Karibu robo ya watu ambao mifupa yao imehama kuuzunguka ule wa mwezi hawatambuliwi mara ya kwanza, kwa kuwa uvimbe huweza kuwa mdogo na picha ya mbele ikaonekana sawa. Picha ya ubavuni ndiyo hufichua: mwezi umelala kama kikombe cha kahawa kilichomwagika. Uliza kwa adabu kama imepigwa. Ni haki yako.

Picha ikiwa safi lakini shimo dogo chini ya gumba bado linauma ukilibonyeza, usilivue banzi linaloushikiza mkono. Mfupa wa mashua huweza kuficha ufa wake kwa siku kadhaa. Rudi baada ya siku 10 hadi 14, na uje na picha ya kwanza tuilinganishe na mpya.