Babu Aliyeshindwa Naye Husomewa Hitma

Kazi yangu ni kuwasaidia watu wa Mombasa kusoma na kupanga nasaba zao. Juzi alinijia bi mkubwa mmoja Mji wa Kale, kafunga karatasi ndani ya leso. Akaniambia: "Mwanangu, huyu babu yetu alipigana na Mzungu akamkimbiza. Tuandikie vizuri, tuisome siku ya hitma."

Nikamwuliza alipigana wapi.

"Mwele."

Hapo nikajua kazi ipo. Mwele hakukimbizwa Mzungu. Ngome ile ya Mbaruk bin Rashid, mkubwa wa Mazrui wa Gazi, kule upande wa milima ya Shimba, ilitekwa na Admirali Rawson Agosti 1895. (Ndiye huyohuyo aliyeipigia mizinga kasri ya Unguja mwaka uliofuata.) Mbaruk aliendelea kupigana porini hadi Aprili 1896, Waingereza walipokwisha kuleta askari kutoka India. Akavuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alikaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910, hakurudi Gazi.

Kabla ya kuandika lolote, kwanza nafungua fundo la majina, maana hapa ndipo nasaba nyingi huharibika. Vita vilianzia Takaungu, Februari 1895, alipofariki liwali Salim bin Khamis. Kampuni ya Waingereza, iliyokuwa ikitawala pwani wakati huo, ikamtawaza mwanawe, Rashid bin Salim. Waliomwona Mbaruk bin Rashid wa Takaungu, mtoto wa kaka yake marehemu, kuwa ndiye mwenye haki wakakasirika. Mbaruk huyo si yule wa Gazi, mwenye ngome ya Mwele, aliyeingia vitani upande wao. Wa Gazi ni Mbaruk bin Rashid bin Salim, na babake, Rashid bin Salim, ni yule liwali wa mwisho wa Mazrui, ukoo wa Kiarabu uliotawala hapa Mombasa, aliyeng'olewa na Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, mwaka 1837. Kwa hiyo kuna Mbaruk bin Rashid wawili na Rashid bin Salim wawili, na mmoja wao alikuwa kipenzi cha Kampuni! Ukiishia kwa jina la baba umepotea. Nenda hadi kwa babu: Mbaruk wa Takaungu ni wa Rashid bin Khamis. Nimeona familia ikimrehemu adui ya babu yao miaka mingi, kwa nia njema kabisa.

Bi mkubwa alinisikiliza, kisha akauliza: "Sasa nimwambie nini mjukuu wangu, kuwa babu alishindwa?"

Ndiyo, mwambie. Sioni aibu iko wapi. Ukoo mzima wa Mazrui hapa mjini ni ukoo wa walioshindwa: Ngome ya Yesu iliwatoka mikononi mwaka 1837, wakubwa wao wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas, waliobaki wakagawanyika Gazi na Takaungu. Makaburi yao karibu na Ngome bado yanaheshimiwa, na hakuna aliyelazimika kubuni ushindi.

Halafu tazama sanamu za askari pale barabara ya Jomo Kenyatta. Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Gazi ilipiganiwa tena, na safari hii Waarabu wa Mombasa, kikosi cha Mwingereza Arthur Wavell, walikuwa upande wa Mwingereza, wakimzuia Mjerumani. Wavell mwenyewe aliuawa upande wa Mwele, Januari 1916. Kwa hiyo ardhi ileile, ndani ya miaka ishirini, imepiganiwa kwa Mwingereza na dhidi yake. Waliopigania mshindi wana shaba barabarani. Waliopigania Mbaruk wana karatasi ndani ya leso, lakini karatasi ile inawataja kwa majina, baba na babu.

Inawataja baadhi yao, nisidanganye. Waliokuwa na Mbaruk hawakuwa Mazrui peke yao. Walikuwamo Wamijikenda, walikuwamo watumwa na watoro, na Mbaruk mwenyewe alikuwa bwana wa watumwa. Nasaba ya Kiarabu haina nafasi ya mtu asiye na "bin". Familia nyingi hapa hunyamaza. Mimi siandiki ya hitma bila kuuliza: nani mwingine alikwenda na babu?

Nilipomwuliza bi mkubwa, alikaa kimya kitambo, akikunja na kukunjua pembe ya leso. Kisha akasema nyanyake, akimaliza dua ya marehemu wa nyumba, alikuwa akiongeza jina moja kwa sauti ya chini, jina tupu, bila ukoo. Watoto walidhani ni jina la jini.

Nikamwomba alitaje polepole. Nikaliandika mstari wake peke yake, chini ya jina la babu, kwa wino uleule.