Je, wajua kwa nini sifuri hutoweka kwenye grafu ya logi?

Chukua sayari nane zinazolizunguka Jua, uchore grafu: umbali wa kila sayari kutoka kwenye Jua kwa mlalo, muda wa kuzunguka kwa wima. Utaridi hukamilisha mzunguko kwa miaka 0.24, Dunia kwa mwaka 1, Mshtarii kwa karibu miaka 12, Neptuni kwa karibu miaka 165. Kwenye grafu ya kawaida Neptuni itakaa peke yake juu kabisa kulia, na zile nne za karibu na Jua zitarundikana kwenye kona kama tone moja la wino. Ukiingia kwenye mipangilio ya programu unayochorea na kuchagua skeli ya logi (logarithimu, yaani kipeo cha 10 kinachoizalisha namba), zote nane zinaachana na kuonekana vizuri. Ila sasa ukiandika 0 kuwa mwanzo wa mhimili, programu inakataa.

Inakataa kwa haki. Kwenye mhimili wa kawaida, kila hatua ni kujumlisha: 10, 20, 30. Kwenye mhimili wa logi kila hatua ni kuzidisha: 1, 10, 100, 1,000, na nafasi kati yake ni sawasawa. Sasa rudi nyuma. Kutoka 1 unashuka hadi 0.1, kisha 0.01, kisha 0.001. Kila hatua unagawanya kwa kumi, na namba ukiigawanya kwa kumi haiishi kamwe. Hata karatasi ingerefushwa hadi ifike Neptuni kwenyewe, bado usingeikuta sifuri. Namba hasi ndizo hazina mahali kabisa, maana 10 haina kipeo halisi kinachoweza kuizalisha -5.

Jambo hilohilo ndilo linaloifanya mistari midogo ya gridi ibanane inapokaribia 10. Safari ya kutoka 1 hadi 10 ukiihesabu kuwa asilimia 100, basi 2 iko kwenye asilimia 30, 5 iko kwenye 70 hivi, na 9 kwenye 95. Katikati hasa si 5, ni 3.16, kwa sababu 3.16 mara 3.16 ni takribani 10. Kwa hiyo washa mistari hiyo midogo. Bila hiyo jicho la msomaji litakisia 5 pale penye 3, na kosa hilo halitamshtua mtu.

Kuiweka skeli yenyewe si kazi. Kwenye Excel au LibreOffice Calc unabofya mhimili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unafungua mipangilio yake na kutia alama kwenye skeli ya logi. Kwenye gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa amri, unaandika set logscale y kwa mhimili wa wima, au set logscale xy kwa yote miwili. Namba ya msingi huwa 10. Ukitumia 2 badala yake, kila hatua inakuwa maradufu, lakini umbo la mchoro halibadiliki hata kidogo. Zinazobadilika ni alama za pembeni tu.

Shida huanza pale data yako inapokuwa na sifuri za kweli, kwa mfano siku ambayo hakuna tukio lolote lililohesabiwa. Wengi huibadilisha sifuri kuwa 0.001 ili ionekane. Nakusihi usifanye hivyo kimyakimya. Ukichagua 0.1 nukta itakaa karibu na wenzake, ukichagua 0.0001 itaporomoka chini kama msiba, na hali data ni ileile. Matplotlib, zana ya kuchora grafu kwa lugha ya Python, ina skeli iitwayo symlog: karibu na sifuri hupima kwa kawaida, mbali nayo hupima kwa logi, pande zote mbili. Ni suluhisho zuri, mradi umwambie msomaji mpaka uko wapi.

Grafu za nguzo ndizo ningezikataza kabisa kwenye skeli hii. Urefu wa nguzo humaanisha umbali kutoka sifuri, na hapa sifuri haipo. Tuseme una 10 na 1,000. Mhimili ukianzia 1, nguzo ya pili itakuwa ndefu mara tatu kuliko ya kwanza. Ukianzia 0.1, itakuwa mara mbili. Tofauti halisi ni mara mia. Tumia nukta, nukta husomwa kwa mahali ilipo, haina urefu wa kudanganya.

Turudi kwa sayari zetu. Mihimili yote miwili ikiwa ya logi, zinajipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka: kila ukienda hatua 2 kulia, unapanda hatua 3. Hiyo ni kanuni ambayo mwanaastronomia Johannes Kepler aliichapisha mwaka 1619, miaka mitano tu baada ya mwanahisabati John Napier kutoa majedwali yake ya logarithimu: muda ukiupandisha kwa kipeo cha pili huenda sambamba na umbali uliopandishwa kwa kipeo cha tatu. Ukipima umbali kwa kipimo cha umbali wa Dunia na muda kwa miaka, mstari huo unapita kwenye Dunia yetu, pale penye 1 na 1. Na logi ya 1 ni sifuri.