Maonesho makubwa ya gemu: yanayosemwa kibandani Mtwara na yalivyo kweli

Kibanda cha gemu ninachopitia jioni pale Chikongola kina pedi nne, na wanaosubiri zamu hawapungui kumi. Mpwa wangu ni mmoja wao. Tangu ajue kwamba mwaka 2019, nilipokuwa nasoma Dortmund, Ujerumani, nilifika maonesho mawili ya hukohuko, Gamescom ya Köln (gemu za skrini) kisha Spiel ya Essen (michezo ya mezani), hajaniacha kwa maswali. Mengi yametokana na mambo anayoyasikia kwa wenzake, na hayo mengi si kweli. Nayajibu hapa kwa sababu najua wapo vijana wengine Masasi, Nachingwea na Lindi wanaoiwaza safari hiyohiyo.

"Mjomba, huko si ndiko wanakoshindania mamilioni?"

Hapana. Maonesho ya gemu yanafanana zaidi na Nanenane ya Ngongo kuliko na ligi ya mpira. Ngongo unakwenda kuona mbegu mpya na trekta jipya, hakuna anayekushindanisha kulima. Köln vilevile: kampuni inaleta gemu ambayo bado haijaingia sokoni, nawe unaijaribu. Mashindano huwapo pembeni, lakini si roho ya shughuli.

Anayetaka kushindana aitazame Evo, mashindano ya gemu za mapigano yanayofanyika Marekani na pia Japani, ambako mtu yeyote hujiandikisha kwa kulipa kiingilio. Mwaka huohuo wa 2019, Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistani, alishinda gemu ya Tekken 7 kwenye Evo Japan, halafu akaishinda tena kwenye Evo ya Las Vegas. Kabla ya mwaka huo, jina lake halikuwa maarufu kama ya wachezaji wakubwa wa Korea na Japani. Alikulia kwenye vibanda vya mtaani kwao. Kila mtoto anayesubiri pedi Chikongola ningependa alijue jina hilo.

"Ukishaingia unacheza mpaka uchoke."

Utachoka, ila kwa foleni. Gamescom ya 2019 ilihesabu wageni 373,000 kwa siku tano. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Mtwara Mikindani ina watu 108,299. Basi fikiria miji mitatu kama yetu ikipita kwenye kumbi zilezile. Nilisimama zaidi ya saa tatu ili nicheze dakika ishirini. Wazoefu walikuja na viti vya kukunja, maji na mikate, kama abiria wa basi la Dar anayejua kwamba njiani kutakuwa na matengenezo. Mlangoni unavalishwa utepe wa mkononi kulingana na umri wako, na gemu za miaka 18 huzungushiwa kuta ili mdogo asichungulie hata kidogo. Utaratibu huo niliupenda sana. Vibanda vyetu humweka mtoto wa miaka minane mbele ya damu inayoruka bila mtu kuuliza kitu.

Lakini mwanga, muziki na zile skrini ndefu kama ukuta wa ghala ni vitu vya kuona kwa macho. Nilitoka miguu inawaka moto na moyo umejaa.

"Gemu ni za skrini, michezo ya mezani ni ya wazee."

Hapa ndipo ninapobishana na mpwa wangu kwa muda mrefu zaidi. Essen si mbali na Köln, kwa treni ni kama saa moja, lakini ni dunia nyingine. Spiel ilianza mwaka 1983, na ile niliyohudhuria ilipata watu 209,000 kwa siku nne, wote kwa ajili ya michezo ya ubao, karata na vipande vya mbao. Unaona meza ina nafasi, unaketi. Mtu wa banda anakuja kuwafundisha kanuni, mnacheza, mkiipenda mnainunua palepale. Watu huburuta masanduku ya magurudumu yaliyojaa michezo kama wanahama nyumba.

Niliketi na familia nisiyoijua: baba, binti yake na bibi. Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji. Tukacheza saa nzima, na bibi akatushinda wote. Köln nilikuwa katikati ya maelfu ya watu na sikuzungumza na mtu. Essen nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Babu yake huyu kijana, ambaye kila alasiri yuko barazani Mikindani na bao lake la mashimo 32 na kete 64, angemaliza siku zote nne Essen bila kuikumbuka skrini.

Marekani nako kuna Gen Con, maonesho ya michezo ya mezani yaliyoanza mwaka 1968 na sasa yako Indianapolis. Huko kiingilio peke yake hakitoshi: michezo mingi ina ratiba na tiketi yake, kwa hiyo asiyejiandikisha mapema huishia kutazama wenzake.

"Kubwa kuliko yote ni E3."

E3 haipo tena. Yalikuwa maonesho ya gemu ya Marekani, yaliyoanza Los Angeles mwaka 1995 kwa ajili ya watu wa biashara hasa, umma ukaanza kuuziwa tiketi 2017. Mara ya mwisho watu walikutana ana kwa ana mwaka 2019, na Desemba 2023 waandaaji walitangaza kwamba imefungwa moja kwa moja. Atakayekuuzia safari ya E3 ni tapeli.

Na Tokyo Game Show? Hufanyika Chiba, jirani na Tokyo, na siku za kwanza ni za wafanyabiashara. Kata tiketi ya siku za umma.

Mpwa wangu bado anaitaka Köln. Nimemwambia aangalie kalenda. Gamescom huwa Agosti, wakati mfuko wa mkulima wa kusini umekauka. Spiel huwa Oktoba, minada ya korosho ikianza. Lakini tiketi hukatwa mapema, tena tiketi si viza, na viza ina muda wake. Kwa hiyo hela ya korosho za msimu huu ndiyo nauli ya Oktoba ya mwakani. Jana nimemkuta anahesabu magunia na babu yake.